Breki za Bubu

Kamenu, Thika
9 Februari 1997

Mwanangu Barasa,

Nisamehe nikitanguliza neno kabla ya salamu. Kuna jambo nimekuficha kwa miaka mitano, nalo linahusu gari lile na kifo cha baba yako. Naliandika juu kabisa ya karatasi ili nikiishiwa nguvu kabla sijalimaliza, ujue kwamba lipo.

Sasa salamu. Sisi hapa tunaendelea. Mama yenu Wamboi bado anauza mboga Jumanne na Ijumaa, na analalamika kwamba mvua imechelewa. Tangu kile kiharusi cha Novemba ulimi wangu umekuwa mzito, nikiongea nadondokwa na mate kama mtoto. Mkono wa kulia ulirudi, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana naweza kuandika. Mwezi uliopita daktari aliusikiliza moyo wangu, kisha akaandika kwa muda mrefu bila kunitazama. Nimesoma vya kutosha kuelewa maana yake.

Macharia wa kanisani amenieleza kwamba kiwanda kimeuza kila kitu kwa mnada, hadi viti vya ofisi, na kwamba aliyelichukua Bubu ni wewe. Nilimwambia anadanganya. Gari la betri lililomponda Wakonyo muuza uji ukutani, likasababisha baba yako apigwe mawe langoni hadi kufa, wewe unalipakia mikate huko Ruiru?

Sikulaumu. Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujaliendesha tena, kanyaga pedali ya breki gari likiwa limesimama. Ukiona inalegea na kuzama kama mguu kwenye tope, liache hapo hapo. Usiniulize kwanza kwa nini.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Nicanor

* * *

Ruiru
2 Machi 1997

Kwa Baba Mkubwa,

Salamu kutoka kwetu. Naliaka alijifungua mtoto wa kiume tarehe kumi na nne Januari. Wote wawili wako salama. Mama yuko Kimilili, ng'ombe wake mmoja amekufa na mguu wake haujapona. Mpe Mama Wamboi salamu zetu.

Naandika kwa sababu Naliaka amesimama hapa nyuma yangu na mtoto mgongoni, na amesema hataondoka mpaka nimalize. Mimi niliapa kutokusemesha tena. Unajua niliapa siku gani. Siku ya tatu baada ya mazishi, tulipokaa chini kunyolewa, wewe kama kaka yake ulisimama kueleza jinsi marehemu alivyokufa, kama desturi yetu inavyotaka. Ulisema: "Ndugu yangu alikunywa, akaendesha, akaua, akauawa." Sentensi moja tu, ukakaa. Mama alianguka. Mpaka leo akipita sokoni anaitwa mke wa mlevi.

Sasa sikia matunda yake. Nilitaka mtoto wangu aitwe Sifuna, babu yake arudi nyumbani. Wazee wamekataa. Wamesema jina la mtu aliyeua mwanamke akiwa mlevi halipewi mtoto, litamfuata. Nilibishana nao hadi mmoja akainua fimbo. Mwisho wakasema: "Tutakaa tena Agosti. Lete mtu aliyekuwepo aseme vingine." Aliyekuwepo ni nani, Baba Mkubwa? Ni wewe. Mtoto ana karibu miezi miwili na tunamwita Toto, kama paka.

Kuhusu gari. Sikulinunua nilipende. Nililinunua nilivunje. Siku lilipofika nilichukua nyundo ya kilo saba, nikapasua taa, nikapasua vioo, nikapiga mlango mpaka ukakunjika kama karatasi. Watoto wa ploti walikaa kwenye ukuta wakishangilia. Naliaka akatoka na kusema, "Ukimaliza kuliua, utatulisha hivyo vyuma?" Ndiyo nikaweka taa, vioo na betri mpya nikaanza kubeba mikate. Halili petroli.

Pedali nimeikanyaga. Ni laini. Inaenda hadi chini. Umejuaje, nawe uko kitandani Thika?

Barasa

* * *

Kamenu, Thika
23 Machi 1997

Mwanangu Barasa,

Nimempokea mjukuu wangu kwa barua, nimefurahi. Mwambie Naliaka nimempigia magoti, ingawa magoti yenyewe hayakunji. Hapa mvua imeanza, na paa la jikoni linavuja palepale.

Nianze na gari, maana linaweza kukuua wiki hii. Hilo halina injini kama magari uliyoyazoea. Ukiinua mguu kwenye pedali ya mwendo, mota yenyewe hulizuia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Dereva huzoea hivyo. Hupita wiki nzima hajakanyaga breki kwa nguvu, na zikifa hana habari. Lakini betri zikiwa zimejaa kabisa, kama asubuhi baada ya kuchajiwa, hazipokei umeme tena, na mota hailishiki gari. Hapo uzito wote huiangukia pedali. Ukiwa kwenye mteremko ndiyo basi.

Fanya hivi. Tazama kwanza oili ya breki kwenye kikopo chake, kama imepungua. Halafu ingia chini na taa, ukague kila gurudumu kwa ndani na kila bomba kama kuna unyevu. Ukikuta pakavu, kaa kwenye kiti, ukanyage mara moja na kushikilia huku ukihesabu hadi sitini. Ikizama polepole chini ya mguu wako, raba zilizo ndani ya masta silinda, ile silinda kubwa inayosukumwa na pedali, zimekufa na zinapitisha oili. Ikiwa haizami, ikanyage harakaharaka mara nne. Ikipanda na kudunda kama mpira, kuna hewa ndani. Ikipanda bila kudunda, viatu vya breki viko mbali na dramu ya gurudumu, vinataka kusogezwa. Mwite fundi anayejua kusoma. Msipime mkiwa barabarani.

Unauliza nimejuaje. Nilikuwa mkuu wa karakana kwa miaka kumi na tisa, ni kazi yangu kujua.

Kuhusu siku ile nitakwambia niliyoyaona. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Bubu limetoka kwenye chaji, limebeba marobota kumi ya nguo. Linashuka kwenda langoni, halina sauti, ndiyo maana tuliliita Bubu. Wakonyo alikuwa nje ya lango, ameinamia sufuria yake ya uji, mgongo kwenye barabara. Hakulisikia. Lilimbana ukutani kifuani na uji wote ukammwagikia. Alilia mara moja. Walipolirudisha gari nyuma hakuanguka, alibaki amesimama dhidi ya ukuta, macho wazi. Kisha watu wakamtoa baba yako kwenye kiti kwa nywele.

Nimechoka. Mengine hayafai kuandikwa.

Nicanor

* * *

Ruiru
20 Aprili 1997

Baba Mkubwa,

Habari za huko. Mtoto amepata chanjo na alipiga kelele hospitali nzima. Mimi nina meno mawili pungufu na mbavu zimefungwa.

Ndiyo, uliniambia niliache. Lakini wateja wa mikate hawangoji. Nilisema nitaenda siku moja tu, polepole. Asubuhi, betri zimejaa. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni niliinua mguu, gari likaendelea. Nikakanyaga breki, mguu ukafika chini, gari likaendelea. Nilikanyaga mpaka goti likagonga usukani. Mbele kulikuwa na watoto wa shule. Nilikata kushoto nikaingia kwenye mbuzi wa mtu, nikaua wawili, nikapasua kibanda cha fundi viatu na kusimama kwenye ukuta wa mawe. Fundi viatu alikuwa ametoka kwenda haja. Mungu ana njia zake.

Sikuwa hata nimetema damu, nikasikia: "Dereva ni huyu! Shika yeye!" Jiwe la kwanza lilipiga mlango. La pili lilinipata mdomoni. Mmoja akaniuliza, "Wewe, umekunywa nini asubuhi yote hii?" Nilipotaka kujibu akanipiga teke la mbavu. Mwingine alikuwa tayari anauliza nani ana petroli. Aliyeniokoa ni Farhiya, yule mama wa duka la vitambaa. Alinivuta kwa kola akanifungia dukani, akasimama mlangoni na mkasi wake wa kukatia nguo. "Kujeni mmoja mmoja," aliwaambia. "Wa kwanza nani? Wewe mwenye kofia? Mama yako ananunua hapa kwa mkopo, njoo nikukate masikio." Walicheka, Baba Mkubwa. Walicheka na wakaenda. Mtu mmoja alisema neno, wakaenda.

Nililala chini ya meza ya kukatia nguo nikimfikiria baba. Yeye hakupata wa kusema neno.

Muasya, fundi wangu, amefungua masta silinda. Alinionyesha raba kwenye kiganja. Zimefura, zimekuwa laini kama ubuyu uliomumunywa. "Boss," alisema, "hii si kuzeeka. Mtu alitia oili ya mashine kwa breki. Oili ya mashine inakula hizi raba. Nani alifanya huu ushenzi?" Nikamwambia gari halikuguswa tangu 1992. Lilikaa chini ya turubai kiwandani, funguo kwa polisi, mpaka mnada.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, mkuu wa karakana. Nani alitia?

Barasa

* * *

Ruiru
8 Juni 1997

Baba Mkubwa,

Wiki saba bila jibu. Sina salamu.

Unajua nilikuja Kamenu Jumapili iliyopita. Nilivunja kiapo changu nikaingia nyumbani kwako. Mama Wamboi alisema umelala. Nilisimama mlangoni pa chumba nikaona vidole vyako vya miguu vikicheza chini ya blanketi. Nilivuta blanketi. Ulikuwa umefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayejificha. Nilikushika kwenye koo. Mfupa wa koo lako ulipanda na kushuka mkononi mwangu, na kama Mama Wamboi hangenipiga mgongoni na mwiko, sijui.

Ona aibu hii. Mtu mzima kunyonga mgonjwa. Ninakuomba radhi kwa mkono wangu. Kwa swali langu sikuombi radhi.

Agosti haiko mbali. Mtoto ameanza kuketi.

Barasa

* * *

Kamenu, Thika
29 Juni 1997

Mwanangu Barasa,

Shingo haina neno. Mama yenu anasema mwiko ndio ulioumia, umepasuka. Amekupelekea viazi kwa mkono wa Macharia, mtakuwa mmevila. Mimi sasa nalala nimeketi, nikilala chali napumua maji.

Nilitia mimi.

Wiki tatu kabla ya siku ile, oili ya breki ya Bubu ilipungua. Kopo lilikuwa stoo na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Meneja alisimama juu yangu: marobota yatoke leo, ama nitafute kazi kwingine. Kando yangu palikuwa na debe la oili ya ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Nilijua haifai. Hata vijana wangu wa mwaka wa kwanza walijua, niliwafundisha mwenyewe ubaoni. Nikajiambia ni ya siku mbili, stoo ikifunguliwa nitaimwaga yote. Stoo ilifunguliwa. Lakini kuimwaga ilikuwa lazima nifungue kila kitu, nibadilishe kila raba, niandike sababu kwenye kitabu cha karakana, na jina langu chini. Mimi niliyekuwa nikiwachapa vijana kwa spana kwa makosa madogo kuliko hilo. Sikuandika.

Baba yako alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Kaka, pedali imekuwa laini." Nikamwambia akanyage mara mbili, itashika. Mara ya pili akasema, "Kaka, nakanyaga mara mbili, haishiki." Nikamwambia ana mguu wa kike. Watu wa karakana walicheka, naye alicheka pamoja nao. Mara ya tatu ilikuwa jioni ya mwisho. Alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akanitazama, akaenda.

Sasa sikiliza matengenezo. Usibadilishe raba za masta silinda peke yake, oili ile imefika kila mahali. Badilisha raba za silinda ndogo za magurudumu yote manne na mabomba yote ya mpira. Yale ya chuma yasafishwe kwa spiriti mpaka itoke safi, yapulizwe yakauke. Tia oili mpya ya breki kutoka kopo lililofungwa. Kisha toeni hewa, mkianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue nipeli, ile skrubu ya kutolea hewa, afunge kabla mguu haujainuka. Rudieni hadi kusiwe na povu. Oili inayotoka isirudishwe ndani hata tone.

Wapelekee wazee barua hii. Iseme kwamba Wakonyo hakuuawa na Sifuna. Ndilo nililolificha.

Nicanor

* * *

Ruiru
13 Julai 1997

Baba Mkubwa,

Nilisoma barua yako nimesimama. Kisha nilitoka nje nikapiga ukuta wa choo ngumi hadi Naliaka akaja na maji ya chumvi. Mkono umefungwa, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Mtoto hajambo.

Breki zimepona. Muasya alifuata karatasi yako neno kwa neno. Siku mbili tulilala chini ya gari. Nikikanyaga yeye anafungua, anapiga kelele, "Shika! Shika, usiachilie, wewe mtu wa mikate!" Povu lilitoka saa nzima. Sasa pedali inashika juu na kusimama kama jiwe. Nimehesabu sitini, nimehesabu mia mbili. Haisongi. Nilishuka mteremko ule ule asubuhi betri zimejaa, likasimama nilipotaka. Fundi viatu alipiga makofi kutoka mbali sana.

Barua yako niliituma Kimilili. Jibu limekuja. Wazee wanasema imemtoa Sifuna kwenye damu ya yule mwanamke. Kwenye ulevi haijamtoa. Wanasema, "Breki zilikufa, sawa. Kwa nini umati ulisema amelewa? Na kwa nini Nicanor alisema vivyo hivyo siku ya kunyoa?" Jina bado wamelishikilia.

Ndipo nikaenda Thika kwa Zuhair, yule mwenye duka lililotazamana na lango la kiwanda. Hakutaka kuongea. Nilikaa kwenye gunia lake la sukari mpaka akafunga duka. Alisema mambo ambayo hayako kwenye barua zako. Alisema walimpiga baba makofi, ndiyo, lakini walikuwa wameacha. Alikaa kwenye kibaraza cha Zuhair, amepewa maji. Alikuwa anawaambia, "Breki zimekataa, nilimwambia fundi," na watu walianza kusikia. Wakauliza, "Fundi ni nani?" Wakageuka kutazama lango. Mtu wa koti la buluu akatoka, akasema neno. Baada ya hapo, anasema Zuhair, hakuna binadamu angewazuia.

Nikamuuliza alikuwa nani. Akasema, "Kijana, huyo ni damu yako. Muulize mwenyewe, mimi nina watoto."

Karakana nzima ni wewe peke yako uliyevaa buluu.

Barasa

* * *

Kamenu, Thika
3 Agosti 1997

Mwanangu Barasa,

Wasalimu mama yako na Naliaka. Macharia ananishikia karatasi, mimi naandika. Nikifika mwisho atatia sahihi kama shahidi, na kesho ataipeleka Kimilili mwenyewe, isomwe mbele ya wazee. Wamboi nimemwambia jana. Ametandika kitanda chake jikoni.

Koti la buluu lilikuwa langu.

Nilipotoka langoni baba yako aliniona kabla mimi sijamwona. Alisimama pale kibarazani, kikombe mkononi, shati limechanika, na uso wake ukafunguka. Akawaambia, "Huyu hapa kaka yangu. Ndiye fundi. Atawaambia." Watu mia mbili, labda tatu, wakanigeukia. Mbele alikuwapo kijana aliyekuwa mwana wa Wakonyo, uji wa mama yake umemmwagikia mikononi, ameshika jiwe la kujengea. Akaniuliza, "Breki zilikuwa mbaya?" Aliniuliza kwa upole kabisa.

Nilisema, "Breki ni nzima. Amelewa huyo. Alianza jana usiku."

Baba yako hakuonja pombe tangu alipobatizwa akiwa na miaka kumi na tisa. Wazee wanalijua hilo, ila waliniamini mimi kwa sababu nilisoma. Siku ya kunyoa nilirudia maneno yangu kwa sababu, mtu akishasema mara ya kwanza, ya pili hutoka yenyewe.

Kijana alimpiga na lile jiwe mdomoni, kikombe kikavunjikia mkononi mwake. Kisha wakaja wote. Nyundo, vyuma, miguu ya meza. Walimvunja mkono wa kulia kwanza, nikausikia. Mwanamke mmoja alikuwa akimpiga na sufuria ya Wakonyo huku akimlilia Mungu, "Ngai! Ngai!" Baba yako alikuwa na nguvu, unamjua. Alitoka chini yao kwa magoti, akasimama, akakimbia. Hakukimbilia barabarani. Alikimbilia kiwandani, kwangu.

Mpe mtoto jina la babu yake. Wazee wakisita, wasomewe hili linalofuata mara mbili.

Mimi nilikuwa nimerudi ndani. Lango lile lilikuwa la bati zito, na mlango wake mdogo ulikuwa na komeo kwa ndani. Askari wa lango walitaka kumfungulia, mmoja alikuwa ameshaushika mlango. Nilimsukuma. Sifuna alifika akagonga kwa kiganja kimoja, akaita jina langu la utotoni, lile ambalo mama yetu pekee na yeye walilijua. Aliita mara nyingi. Nilikuwa nimelishikilia komeo kwa mikono miwili, na sikuliachia mpaka alipoacha kugonga.